Mbona Kifaru cha Jangwani ni cha Kijivu?

Wakati wa likizo ya shule iliyopita, ndugu yangu aishiye Uingereza alimletea mwanangu zawadi ya kifaru cha kuunganisha. Ndani ya sanduku mlikuwa na vipande vya plastiki zaidi ya mia, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, pamoja na karatasi ya maelekezo. Kifaru chenyewe ni kile cha Kijerumani kiitwacho Panzer III, kwa kipimo cha 1:35. Maana yake, kila sentimita 35 za kifaru halisi zimefanywa sentimita moja. Chombo cha chuma kilichokuwa na urefu wa zaidi ya mita tano kimepunguzwa hata kikaweza kukaa juu ya viganja viwili vya kijana wa miaka kumi na mitatu.

Kitu kimoja hakikuwamo, nacho ni rangi. Makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi kuingizwa katika ndege ya abiria, kwa kuwa yaliyomo ndani yake hushika moto upesi. "Hiyo rangi mtaitafuta wenyewe," akasema ami yake, na mazungumzo yakaishia hapo. Sikujua kwamba neno hilo jepesi lingenifikisha mahali pa kumwomba radhi mtoto wangu. Nayaeleza haya kwa wazazi wenzangu, kwa kuwa yaliyonipata mimi yanaweza kumpata yeyote mwenye mtoto anayesoma kuliko baba yake anavyodhani.

Kosa la baba

Kijana alifanya kazi yake kwa wiki mbili, kila siku baada ya Alasiri. Alikata vipande, akavipiga msasa, akavigundisha kimoja kimoja. Karatasi ya maelekezo ilitoa namna tatu za kukipaka rangi kifaru hicho, na kila namna ilitajiwa kikosi chake, mahali na tarehe. Yeye aliichagua ya kwanza: Kikosi cha 5 cha vifaru, mjini Tripoli, Machi 1941.

Mimi nikaenda dukani. Sikuitazama karatasi. Nilijua kwamba Tripoli iko Libya, na Libya ni jangwa, na jangwa ni mchanga. Nikarudi na kopo la rangi ya njano ya mchanga, nikiwa nimejiridhisha kwamba nimefanya jambo la busara.

"Baba," akaniambia kwa upole, "karatasi inasema ni cha kijivu kilichokoza."

"Nani apeleke kifaru cheusi mchangani kikaonekane na kila mtu?" nikamjibu. "Hao waliochapa wamekosea."

Hakubishana nami. Aliinamisha macho kwa adabu, akalishika kopo, nasi tukakipuliza uani mpaka kikawa cha njano chote. Kesho yake niliona kifaru kimewekwa pembeni ya rafu na kufunikwa kwa kitambaa. Mtoto aliyekesha juu ya kazi yake wiki mbili hakutaka hata kukitazama.

Kitambaa kile ndicho kilichonikalisha chini nikasome.

Yaliyotokea mwaka 1941

Ukweli ni huu. Kuanzia katikati ya mwaka 1940, amri ya jeshi la Ujerumani ilitaka vifaru vyake vipakwe rangi moja tu, kijivu kilichokoza sana, ambacho katika orodha ya rangi ya nchi hiyo kilipewa namba RAL 7021. Mfumo huo wa RAL ulianzishwa mwaka 1927 ili viwanda na wanunuzi wataje rangi kwa namba, wasigombane juu ya maneno kama "kijani" au "kahawia", ambayo kila mtu huyaelewa kwa jicho lake.

Libya wakati huo ilikuwa koloni la Italia. Waitaliano walipozidiwa na Waingereza mwanzoni mwa 1941, Wajerumani walipeleka msaada kwa haraka. Vifaru vya Kikosi cha 5 viliteremshwa bandarini Tripoli mwezi Machi, vikapita barabarani mbele ya watu vikiwa na kijivu kile kile cha Ulaya. Amri ya kuvipaka rangi ya nchi za joto ilitoka tarehe 17 Machi 1941, vifaru vikiwa vimeshafika. Amri ilitaka theluthi mbili za kifaru zipakwe RAL 8000, ambayo ni kahawia yenye umanjano, na theluthi moja ipakwe mabaka ya RAL 7008, kijivu chenye ukijani. Lakini amri iliyoandikwa Ulaya hailetwi jangwani pamoja na rangi yake siku hiyo hiyo. Askari waliokuwa wakingoja rangi walikoroga tope na mchanga wa pale pale, wakavipaka vifaru vyao kwa mikono.

Kwa hiyo mchapaji wa karatasi hakukosea. Aliyekosea ni mimi, niliyeamua kwa dhana jambo ambalo lilikuwa limeandikwa mbele ya macho yangu.

Zaidi ya hayo, hata njano niliyoinunua haikuwa ya jangwa lile. Tarehe 25 Machi 1942 rangi za nchi za joto zilibadilishwa tena, zikawa RAL 8020 na RAL 7027. Njano maarufu ya Wajerumani, ambayo waunda mifano wengi huidhania kuwa ya Afrika Kaskazini, ni RAL 7028, na hiyo ilifanywa rangi ya msingi ya vifaru vyote kwa amri ya tarehe 18 Februari 1943. Majeshi ya Ujerumani na Italia yalisalimu amri Tunisia tarehe 13 Mei 1943, miezi isiyofika mitatu baadaye. Mtu akikipaka njano hiyo kifaru cha Tobruk cha mwaka 1941 au 1942, amekivisha nguo ambayo ilikuwa haijashonwa.

Maswali matatu kabla ya kufungua mkoba

Kutokana na hayo, nimejifunza kwamba mzazi asinunue kopo lolote kabla ya kujibiwa maswali matatu: Ni kifaru gani? Kilikuwa wapi? Kilikuwa lini? Likikosekana jibu moja, rangi sahihi haipatikani. Panzer III hiyo hiyo ilikuwa ya kijivu Tripoli mwezi Machi 1941, na miezi michache baadaye, katika jangwa hilo hilo, ikawa ya kahawia yenye umanjano.

Waingereza nao hawakuwa tofauti. Vifaru vya Sherman vilivyoteremshwa Misri Septemba 1942, kabla ya vita vya El Alamein, vilitoka Marekani vikiwa na kijani cha zeituni, ndipo vikapakwa rangi za jangwani. Kijani cha kiwandani na rangi ya mawe ya vitani zote ni za kweli, kila moja kwa tarehe yake.

Wala jina lililoandikwa kwenye kopo lisimridhishe mtu. Katika makopo ya kampuni ya Tamiya ya Japani, ambayo ni maarufu kwa kazi hii, TS-4 ndiyo iliyokusudiwa kuwa kijivu cha Kijerumani, na TS-3 ndiyo njano ile iliyokoza ya mwaka 1943. Anayechukua TS-3 kwa sababu tu kifuniko chake kinafanana na mchanga amefanya kosa langu, tofauti ni kwamba yeye amelifanya kwa kopo la bei kubwa zaidi.

Macho nayo hukosea

Huenda msomaji akasema, "Kwa nini tusitazame picha za wakati ule?" Picha ni ushahidi mwema, lakini nyingi ni za rangi nyeusi na nyeupe. Picha hiyo huonyesha kilichokoza na kilichofifia, haionyeshi kama ni kahawia au kijani. Baadhi ya filamu za zamani hazikuihisi nyekundu kabisa, hata kitu chekundu kikatoka cheusi. Tena, kifaru cha kijivu kilichofunikwa na vumbi huonekana cheupe katika picha, na mtazamaji akaapa kwamba kilikuwa cha njano. Picha chache za rangi zilizopo nazo zimebadilika kwa umri wa filamu na kwa namna zilivyochapwa.

Makumbusho pia yaangaliwe kwa tahadhari, maana kifaru kilichosimama miaka mingi kimepakwa upya mara nyingi, kila mara kwa maarifa ya siku hiyo. Mfano ulio wazi ni mpango wa rangi tatu ambao Waingereza waliutumia Misri na Libya mwanzoni mwa vita, ujulikanao kwa jina la afisa wao Caunter. Mistari yake mipana ilipita kwa mshazari ubavuni mwa vifaru kama Matilda. Kwa miaka mingi rangi mojawapo ilidhaniwa kuwa bluu hafifu. Waunda mifano wakaipaka bluu, na hata vifaru halisi vilivyofanyiwa ukarabati vikapakwa bluu. Watafiti waliporudi kwenye amri za jeshi na orodha za rangi za Uingereza, walikuta kwamba rangi hiyo iliitwa kijivu cha fedha, nayo ilikuwa kijivu chenye ukijani kidogo. Kosa moja lilinakiliwa na wengi hata likaonekana ndio ukweli, kwa sababu kila mmoja alimtazama mwenzake na hakuna aliyerudi kwenye asili.

Jambo hili lilinigusa kuliko yote. Mimi nilikuwa karibu kumfundisha mwanangu njia hiyo hiyo: kwamba neno la mkubwa linatosha, hata kama karatasi inasema vingine.

Namna ya kulipima kopo

Makopo ya waunda mifano hayapatikani katika kila mji. Hata hivyo namba za RAL zingali zikitumika hadi leo kwa milango, mageti na mashine. RAL 7021 imo katika orodha ya sasa, na duka kubwa la vifaa vya ujenzi linaweza kuwa nayo katika kopo la kupuliza. RAL 8000 nayo imo. RAL 7028, ile njano ya 1943, iliondolewa katika orodha, kwa hiyo hiyo itafutwe kwa watengenezaji wa rangi za mifano. Muuza duka akikuambia kwamba 7016 ni sawa na 7021, usikubali. 7016 ina ubluu na imefifia kidogo, na tofauti hiyo huonekana.

Ukishalipata kopo, usilipulize kwenye kifaru. Puliza kwanza kwenye kipande cha kadi nyeupe, uache kikauke kabisa, kwa maana rangi mbichi na iliyokauka hazifanani. Kisha itoe kadi nje, kivulini, wakati wa mchana. Taa ya umeme ya njano huifanya kijivu kuwa kahawia, na jua kali la adhuhuri huifanya kila rangi kufifia. Mlinganishe na mwanao kadi hiyo na sampuli ya rangi yenye namba, mkiwa mmesimama pamoja, na kila mmoja aseme anachokiona.

Jaribio la pili lifanyike juu ya kijiti kilichobaki baada ya kukata vipande, kwa kuwa kijiti hicho ni plastiki ile ile ya kifaru. Rangi za magari na za vyuma huwa na viyeyusho vikali, na baadhi yake hula plastiki hii na kuiacha na makunyanzi. Kijiti kikiharibika, umepoteza kijiti; kifaru kikiharibika, umepoteza wiki mbili za mtoto. Kupuliza kwanza rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki husaidia sana.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wa kazi hii hawajaafikiana. Wengi husema kwamba kitu kidogo kikipakwa rangi ile ile ya kitu kikubwa huonekana kimekoza kupita kiasi, kwa hiyo rangi ifanywe nyepesi kidogo. Wengine hushikilia namba bila kuipunguza. Mimi nimeliona kwa macho yangu katika RAL 7021: juu ya kifaru kidogo hukaribia kuwa nyeusi, na misumari na mistari yote iliyochongwa hupotea. Dawa rahisi ni kupuliza 7021 kwanza, kisha kupitisha kijivu chepesi zaidi kwa mbali, kutoka juu tu, pale ambapo jua lingepiga. Pande za chini zibaki na giza lake.

Ikiwa rangi uliyoipata inang'aa, usihofu. Vifaru vya vita havikung'aa. Malizia kwa kopo la vanishi isiyong'aa, na mng'ao utaondoka bila kuibadilisha rangi kwa kiasi kikubwa.

Kupuliza bila kujidhuru

Hapa napenda kusisitiza, kwa sababu rangi sahihi haina thamani mbele ya kifua cha mtoto. Mvuke wa rangi hizi una madhara. Kazi ifanyike nje, uani au barazani penye upepo mdogo unaoelekea mbali na nyumba, na mtu mzima awepo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Wajawazito na watoto wachanga wakae mbali. Jiko la mkaa lisiwe karibu, wala sigara, wala kiberiti, kwa maana gesi ya kopo hulipuka. Kopo lisiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Tikisa kopo dakika moja au mbili. Simama na kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza kabla ya kukifikia kifaru, pita moja kwa moja, na uache baada ya kukivuka. Tabaka jembamba mara tatu ni bora kuliko tabaka moja zito litakalotiririka na kuziba kila kilichochongwa. Sisi tunaokaa karibu na bahari tuangalie pia hewa: siku yenye unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, rangi hizi hupata weupe kama ukungu zinapokauka. Siku hiyo kopo lisiguswe, hata kama mtoto ana haraka.

Kifaru cha pili

Usiku mmoja baada ya Isha nilimwita mwanangu, nikamwonyesha tarehe nilizozisoma. Nikamwambia, "Wewe ulisoma, mimi nilidhani. Karatasi ilikuwa sahihi, nawe ulikuwa sahihi. Nisamehe." Alinitazama kwa muda kana kwamba ananisubiri nimalize kwa onyo, kama kawaida yangu. Nilipokuwa sina la kuongeza, akaenda akakileta kifaru pamoja na kitambaa chake.

Tulikipiga msasa laini sana, tukakiosha, tukakiacha kikauke, ndipo tukapuliza RAL 7021 juu ya njano yangu. Jangwani askari walipaka njano juu ya kijivu. Sisi tulifanya kinyume chake. Kijana ndiye aliyegundua matumizi ya kopo langu lililobaki. Alikwisha soma kwamba rangi ikipulizwa kutoka mbali sana hukaukia hewani na kutua kama unga, jambo ambalo kwa kawaida ni kasoro. Akasimama mbali, akapuliza mara mbili tu kuelekea magurudumu na sehemu za chini, na vumbi la Libya likatua juu ya kijivu. Sikumwelekeza chochote.

Bibi yake alikuja kutazama. Alikishika, akakigeuza, akauliza kama kuna watu waliofia ndani ya vyombo kama hicho. Kijana akajibu kwamba wako wengi, na wengi zaidi walifia mbele yake. Nikamweleza mama yangu kwamba hata miongo mingi baada ya vita vile, mabomu yaliyotegwa ardhini na majeshi hayo ya kigeni yaliendelea kuwaua na kuwalemaza Mabedui wachungao mifugo yao katika jangwa la magharibi mwa Misri, watu ambao hawakuwa na sehemu katika ugomvi ule. Bibi hakusema neno. Alikirudisha mezani taratibu, kwa mikono miwili.

Jioni hiyo mwanangu alikata kadi ndogo, akaandika kwa kalamu jina la kifaru, "Tripoli, Machi 1941", na namba ya rangi, akaiweka mbele ya kifaru juu ya rafu. Kitambaa kimerudi jikoni. Wageni wanaotutembelea, hasa wanaume wa rika langu, husimama pale wakatikisa kichwa na kusema, "Mbona kifaru cha jangwani ni cha kijivu?" Mimi hukaa kimya nikamwachia mwenye kifaru aeleze.